“Hujanishika, utajuaje ninaumwa nini?”

Sentensi hii naisikia kliniki, hapa Mbeya, mpaka nimechoka. Nikimwambia mgonjwa wa presha au sukari kwamba mwezi ujao tutaongea kwa simu, uso unambadilika, kana kwamba nimemfukuza kistaarabu. Tiba mtandao kwake ni tiba ya nusu bei, na daktari ambaye hakumgusa hajamtibu.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya utambuzi inatoka mdomoni mwako. Mwaka 1975 madaktari wa Uingereza walichapisha utafiti ambamo walifuatilia wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya wagonjwa wa nje. Kwa 66 kati yao, barua ya rufaa na maelezo ya mgonjwa vilitosha kufikia utambuzi ambao haukubadilika baadaye. Kupimwa kwa mikono kulileta tofauti kwa 7, na maabara kwa wengine 7. Vipimo vimeongezeka sana tangu hapo, lakini maumivu ya kifua yalianza lini, yanakuja ukipanda mlima au ukiwa umelala, yanakwenda mkono gani: hayo stethoskopu haiyasikii.

Kwenye presha ndipo ninapokosa uvumilivu kabisa. Mtu anaondoka Chunya au Kyela alfajiri, anabanana kwenye Coaster, anashuka stendi, anachukua bajaji, anafika na kupimwa hapohapo. Anapimwa juu ya sweta, maana baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba haina mzaha, huku anasimulia safari. Mashine inasoma 170/100. Nimwongezee dozi? Hiyo namba ina safari ndani yake, ina baridi, ina sweta na ina kibofu kilichojaa.

Mwenzake amepima nyumbani. Amekojoa kwanza, ameketi dakika 5, mgongo umeegemea, miguu iko chini bila kupishana, mkono uko wazi kwenye usawa wa moyo, mdomo kimya. Mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, siku 7, zote ziko kwenye daftari. Huyo akinisomea namba zake kwa simu ananipa taarifa bora kuliko yule aliyekaa mbele yangu. Ajue tu kwamba nyumbani tunahesabu presha imepanda kuanzia 135/85, siyo 140/90 ya kliniki. Mashine iwe ya mkono wa juu, siyo ya kifundo cha mkono. Na sweta livuliwe, jamani. Kukunja mkono wa sweta mpaka ubane karibu na bega si kulivua.

Madaktari wenzangu nao wasijifiche. Wapo wanaosema kazi ya simu ni ya daktari mvivu, halafu wao wanamwita mzee kutoka Makete aje asomewe majibu ya figo ambayo yako sawa. Hapo wamemshika wapi? Ukiongea na mgonjwa kwa simu huoni anavyotembea wala kucha zake, kwa hiyo lazima uulize kila kitu. Mvivu hawezi kazi hiyo.

Mikono ina kazi yake, sikatai. Tumbo linalouma sana, uvimbe kwenye titi, mjamzito anayetokwa damu, mtoto mwenye degedege au aliyegoma kunyonya, kifua kilichobana ghafla, mdomo uliokwenda upande: usinipigie kuniuliza ushauri, panda gari uende kituo cha afya. Homa nayo ikapimwe. Malaria haionekani kwa simu, na zahanati wana kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni.

“Sina simu janja.” Simu ya batani inatosha kwa mengi ya hayo niliyotaja, tena ni bora kuliko video inayoganda kila sekunde. Namba 199 ya Wizara ya Afya inapigwa bila malipo.

“Nilishakutumia picha ya kidonda WhatsApp.” Umetuma picha, hujatibiwa. Hakuna faili lililofunguliwa, wala hakuna aliyekuuliza una mzio gani. Kesho yake unakwenda duka la dawa kudai antibiotiki “alizosema daktari”. Nikikaa kimya saa sita usiku si kiburi, nimelala.

Wengine wanaogopa siri zao kusambaa. Daktari anabanwa na maadili ya kazi, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Ninachokiona mimi ni mgonjwa mwenyewe kupokea simu yangu ndani ya daladala, spika wazi, na kuanza kujibu maswali ya njia ya mkojo. Sema upo kwenye gari, nitapiga baadaye.

Mwisho ni hili la kwamba wazee hawawezi. Wanaongea na wajukuu walioko Dar kila jioni! Shida yao mara nyingi ni masikio, basi akae binti au mjukuu kando, mkononi awe na pakiti za dawa anisomee majina. Akiniambia bibi anameza “vile vyeupe vidogo” hajanisaidia kitu, maana nusu ya kabati la famasi ni vyeupe vidogo.