Mtamba anatoa lita 8 tu, nimuuze?

Wiki hii tena nimepigiwa simu kutoka upande wa Tororo, mzee anataka kumpeleka mtamba wake, yaani ng'ombe jike mchanga, wa aina ya Friziani kwa mwenye bucha kwa sababu amezaa mara ya kwanza na anatoa lita 8 kwa siku wakati mama yake alikuwa anatoa 12. Nikamwambia mzee ngoja kwanza, huyo bado anakua.

Na ni kweli kabisa. Mtamba aliyezaa akiwa na miezi 24 mpaka 27 mwili wake haujamaliza, kwa hiyo majani unayompa yanagawanyika, mengine yanaenda kwa mifupa na nyama, mengine ndo yanakuwa maziwa. Kiwele nacho bado kidogo, kila mimba inaongeza seli za kutengeneza maziwa. Ndo maana uzao wa kwanza, yaani kipindi cha kukamuliwa baada ya kuzaa mara ya kwanza, anatoa kama robo tatu hivi ya kile atakachotoa akikomaa, wa pili anakaribia asilimia 90, na nguvu yake yote unaiona kuanzia uzao wa tatu mpaka wa tano. Huyu wa lita 8 akitunzwa anaweza kufika 11, bila muujiza wowote.

Halafu watu wanalinganisha siku moja na siku moja, hapo wanakosea sana. Ng'ombe mkubwa anapanda juu kwa maziwa wiki ya nne mpaka ya nane baada ya kuzaa halafu anashuka haraka, mtamba hapandi sana lakini anashikilia palepale muda mrefu. Hesabu maziwa ya siku zote 305 za kukamuliwa ndo utamjua.

Lakini umri peke yake hauleti maziwa, na hapa ndo naumia. Kuna mama mmoja tulikaa kwenye benchi nje ya zizi lake akanitolea daftari la shule, kila siku asubuhi na jioni ameandika lita, kalamu ya bluu, kurasa zingine zimelowa mvua. Uzao wa pili ulikuwa chini kuliko wa kwanza na hakuelewa kwa nini, ng'ombe anakula vizuri, hana homa. Nikarudi nyuma kwenye kurasa mpaka nikaona amekamua hadi siku 11 kabla ya kuzaa, ada za watoto zilikuwa zimembana. Simlaumu, lakini kiwele kinahitaji kama siku 60 za kupumzika, seli zilizochoka zitoke na mpya ziingie, usipompa hizo siku unakula maziwa ya mwaka ujao.

Maji pia, jamani. Maziwa karibu asilimia 87 ni maji, na ng'ombe anahitaji lita 4 mpaka 5 kwa kila lita anayotoa, yaani wa lita 12 anamaliza kama jerikeni tatu kwa siku na kiangazi zaidi. Ukimpa moja asubuhi usitafute mchawi. Na akizaa kiangazi kinaanza, matete yamekauka na hukuweka akiba ya majani, hapandi kabisa, na asipopanda mwanzoni uzao wote unabaki chini, kila lita moja anayokosa pale juu ni kama lita 200 mpaka mwisho.

Ugonjwa wa kiwele ukiharibu chuchu moja huo ni upungufu unaobeba kwa uzao wote unaofuata, kwa hiyo osha mikono na umkaushe kiwele kwa kitambaa safi. Na kuanzia uzao wa tatu angalia sana siku ya kuzaa, huyo mwenye maziwa mengi ndo anaishiwa kalsiamu, unamkuta amelala, masikio baridi, shingo imepinda, mwite daktari wa mifugo saa hiyohiyo usingoje asubuhi.

Mzee wa Tororo amekubali kungoja. Nimemwomba anunue daftari, na ng'ombe akipandishwa na dume aandike tarehe ukurasa wa kwanza, maana kutoka hapo anahesabu miezi 7 ndo anamkausha, yaani anaacha kumkamua mpaka azae.