Kaunti ya Beaufort, South Carolina: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Kusini kabisa mwa pwani ya South Carolina, mahali nchi kavu inapokatikakatika kuwa visiwa, ipo Kaunti ya Beaufort. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi takriban 187,000. Wamarekani wengi huijua kwa mambo mawili: hoteli za kisiwa cha Hilton Head, na kambi ya Parris Island ambako makuruta wa Marines, kikosi cha jeshi la Marekani, wamekuwa wakifunzwa tangu 1915. Kwangu mimi jambo kubwa la kaunti hii ni jingine. Hapa watu waliokuwa watumwa walianza kujitawala, kusoma na kununua ardhi kwa fedha zao wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani bado vinapiganwa. Habari hiyo imefunikwa na dhana nyingi potofu, na inastahili kusimuliwa sawasawa.

"Kaunti ya Marekani ni sawa na kaunti ya Kenya"

Jina ni moja, madaraka ni tofauti. Kaunti za Kenya ni 47, zimetajwa katika Katiba ya 2010, na kila moja ina gavana na bunge lake. Marekani gavana ni wa jimbo. Kaunti zimo chini ya jimbo, na nchi nzima zinazidi 3,000. Beaufort ina baraza la watu 11 wanaochaguliwa, nao huajiri mtendaji wa kusimamia shughuli za kila siku. Sherifu hupigiwa kura peke yake. Kaunti pia huweza kumegwa: Hampton ilitolewa Beaufort mwaka 1878, na eneo jingine likaingia kaunti mpya ya Jasper mwaka 1912. Ila baraza lina sauti kubwa juu ya matumizi ya ardhi, na hapo ndipo mvutano wa leo ulipo.

"Wazungu wa kwanza kufika walikuwa Waingereza"

Waingereza walianzisha Jamestown, Virginia, mwaka 1607. Miaka 45 kabla yake, mwaka 1562, Wafaransa wa Jean Ribault walikuwa wameshajenga ngome ya Charlesfort katika Parris Island. Walioachwa kuilinda waliishiwa chakula, wakajiundia chombo na kuondoka. Mwaka 1566 Pedro Menéndez de Avilés akaanzisha hapo mji wa Kihispania, Santa Elena, ambao kwa miaka kadhaa ulikuwa makao makuu ya Florida ya Wahispania. Wenyeji, wakiwemo Waescamacu, walichoshwa na kunyang'anywa chakula, wakawatimua mwaka 1576. Wahispania walirudi mwaka uliofuata, kisha wakauhama mji moja kwa moja mwaka 1587.

Katika miaka ya 1920 mabaki ya ngome yalifukuliwa, ikadhaniwa ni Charlesfort, na mnara wa kuwakumbuka Wafaransa ukasimamishwa pale pale. Kuanzia 1979 mwanaakiolojia Stanley South alichimba na kuonyesha kuwa ile ni ngome ya Wahispania, San Marcos. Charlesfort yenyewe ilikuja kutambuliwa mwaka 1996, chini ya ngome nyingine ya Kihispania. Sehemu ya mji wa Santa Elena ilikuwa imelala chini ya uwanja wa gofu wa kambi ya jeshi.

"Ni fukwe na hoteli tu"

Fukwe zipo, lakini sehemu kubwa ya kaunti ni mito ya chumvi na mabwawa ya nyasi zinazofunikwa maji yakijaa na kuonekana yakipwa. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia mita 2 na zaidi, kiasi kikubwa kwa pwani ile. Mikoko haioti huko. Matope yanashikwa na mizizi ya nyasi, na humo wamo chaza, kaa na kamba waliolisha visiwa hivi vizazi na vizazi. Magamba ya chaza yalichomwa kupata chokaa, chokaa ikachanganywa na mchanga, maji na magamba mazima, likapatikana zege gumu la kujengea. Mtu aliyeona kuta za kale za Lamu au Kilwa, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, ataelewa mara moja kazi ile. Kuta za kanisa dogo la karne ya 18 katika kisiwa cha St. Helena bado zimesimama bila paa, na magamba yanaonekana ukutani.

"Watumwa walikaa wakisubiri kukombolewa"

Dhana hii ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Kabla ya vita, zaidi ya watu 80 katika kila 100 wa eneo hili walikuwa watumwa, wengi wakilima pamba ya nyuzi ndefu iliyowatajirisha mabwana zao. Tarehe 7 Novemba 1861 meli za kivita za Muungano (upande wa Kaskazini, wa serikali ya Marekani) ziliingia lango la Port Royal na kuzishinda ngome za waasi wa Kusini. Wenye mashamba walikimbilia bara, wakiwaamuru watumwa wafuatane nao. Karibu watu 10,000 hawakufuata. Wengine walijificha mashambani na vichakani hadi mabwana wakaondoka bila wao.

Miezi sita baadaye Robert Smalls, aliyezaliwa utumwani mjini Beaufort mwaka 1839, alikuwa mshika usukani wa Planter, meli ya mvuke ya jeshi la Kusini katika bandari ya Charleston. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, maofisa wazungu wakiwa wamelala mjini, Smalls na wenzake waliwasha moto wa mvuke na kung'oa nanga. Walipitia mahali pengine kuwachukua wake na watoto. Smalls alivaa kofia ya majani ya nahodha, na kila alipofika mbele ya ngome alipiga honi kwa ishara alizokuwa amezikariri kazini. Walipita Fort Sumter kukiwa bado na giza. Walipofika mahali mizinga ya ngome isipoweza kuwafikia waliteremsha bendera ya Kusini na kupandisha shuka jeupe, wakajisalimisha kwa meli za Muungano wakiwa na mizinga, meli na watu wao wote salama.

Mwaka huo huo, katika kisiwa cha St. Helena, ilianzishwa Penn School kwa ajili ya waliokuwa watumwa. Hilton Head nako kulijengwa mji wa Mitchelville, ambao wakazi wake walichagua viongozi wao na kuweka sheria ya lazima ya watoto kwenda shule. Juni 1863 Harriet Tubman, mwanamke mweusi aliyetoroka utumwani na aliyekuwa akifanya kazi Beaufort, aliwaongoza askari weusi kupanda mto Combahee, na watu zaidi ya 700 wakatoka utumwani katika safari moja. Wengi wa askari hao, miaka michache tu nyuma, walihesabiwa kama mali.

"Waliipata ardhi bure"

Ahadi ya ekari 40 inajulikana sana. Ilitokana na amri ya Jenerali Sherman wa jeshi la Muungano ya Januari 1865, na kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson alikuwa ameitengua. Sehemu nyingi za pwani mashamba yalirudishwa kwa mabwana wa zamani, na waliokwisha kupanda wakaondolewa.

Beaufort ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1862 bunge la Marekani lilitunga sheria ya kodi ya moja kwa moja kwa maeneo ya waasi. Wenye mashamba wa visiwa hivi walikuwa wamekimbia na hawakulipa, kwa hiyo mashamba yakapigwa mnada kuanzia Machi 1863. Walioachwa huru walichanga fedha walizopata kwa ujira wa pamba na kwa kuwauzia askari mayai, samaki na viazi, wakanunua karibu ekari 2,000 katika mnada wa kwanza. Baadaye wakaendelea na vipande vidogo vya ekari 10 hivi, familia kwa familia. Hawakupewa, walilipa, wakapewa stakabadhi.

Smalls mwenyewe alinunua katika mnada wa kodi nyumba ya Prince Street, ile ambayo mama yake alikuwa mtumwa ndani yake. Mwenye nyumba wa zamani alidai kuwa mauzo yalikuwa batili, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1878 mahakama ikampa ushindi Smalls. Hukumu hiyo iliimarisha hati za wote walionunua kwa njia hiyo. Ndiyo maana St. Helena ilibaki mikononi mwa wakulima weusi wakati kwingineko Kusini wenzao walikuwa wakilima kwa nusu ya mavuno katika ardhi ya watu wengine.

"Walipewa uongozi wakashindwa"

Hawakushindwa, walizuiwa. Smalls alishiriki kuandika katiba ya jimbo ya 1868, akipigania elimu ya umma ya bure, kisha akachaguliwa bungeni Washington mara tano. Mwaka 1895 mkutano wa kuandika katiba mpya uliitishwa waziwazi kwa nia ya kuwanyima weusi kura. Wajumbe walikuwa 160, weusi 6 tu, na 5 kati yao walitoka Beaufort. Smalls aliwaambia kuwa watu wake hawahitaji utetezi wa pekee, wanachohitaji ni nafasi sawa. Katiba ikapita.

Wakati huo visiwa vilikuwa vimeshaumizwa na kimbunga cha tarehe 27 Agosti 1893, kilichoua watu wapatao 2,000, wengi wao weusi. Clara Barton na Msalaba Mwekundu walikaa huko miezi mingi wakisaidia. Mashamba yaliingiwa na chumvi, biashara ya fosfeti (madini ya mbolea) ikaporomoka, baadaye wadudu wakaimaliza pamba, na vijana wakahamia miji ya Kaskazini.

"Kigullah ni Kiingereza kibovu, na wasemaji wake walitoka Zanzibar"

Kigullah, lugha ya Wagullah, yaani watu weusi wa visiwa hivi, ni lugha kamili yenye kanuni zake. Kiwakilishi chake "e" hutumika kwa mwanamume, mwanamke na kitu bila kubagua jinsia, na nyakati za kitenzi huonyeshwa kwa vijineno huru ambavyo Kiingereza hakina. Mtaalamu mweusi wa isimu, Lorenzo Dow Turner, alianza kurekodi wazee wa visiwa katika miaka ya 1930 na kuonyesha mizizi ya Kiafrika katika majina na misamiati yao. Agano Jipya zima kwa Kigullah lilichapishwa mwaka 2005.

Kuhusu asili: wengi waliletwa kutoka Senegambia, Sierra Leone na nchi za Kongo na Angola. Meli chache zilifika Charleston kutoka Msumbiji mwanzoni mwa karne ya 19, lakini undugu wa pwani yetu na Wagullah ni mdogo kuliko watu wanavyopenda kuamini.

"Siku hizi hawapo tena"

Wapo. Ni kweli kwamba daraja la Hilton Head la mwaka 1956 lilileta matajiri, kodi za ardhi zikapanda, na leo weusi ni chini ya mtu 1 kati ya 5 katika kaunti nzima. Lakini St. Helena bado ina familia zilizokaa katika ardhi iliyonunuliwa enzi za vita. Mwaka 1999 kaunti ilipiga marufuku viwanja vya gofu na makazi ya kufungiwa mageti katika kisiwa hicho, na mwaka 2023 baraza lilikataa kuilegeza sheria hiyo kwa ajili ya mwekezaji aliyetaka gofu katika Pine Island.

Tatizo kubwa zaidi ni la mirathi. Mababu wengi walikufa bila wosia, kwa hiyo shamba moja huweza kuwa la warithi mia wasiofahamiana. Mmoja aliyeko New York akiuza fungu lake kwa mgeni, mgeni huyo aliweza kwenda mahakamani na shamba zima likauzwa. Sheria ya jimbo ya mwaka 2016 imewapa ndugu haki ya kununua kwanza fungu hilo kwa bei iliyothaminiwa. Imepewa jina la Clementa Pinckney, mchungaji na seneta mzaliwa wa Beaufort, aliyeuawa kanisani mwake Charleston mwezi Juni 2015.