Tabia hatarishi: kwa nini ulevi na ngono hutajwa pamoja

Wauguzi wa vijana hapa Mombasa hupenda kusema "tabia hatarishi". Wengi wakisikia hivyo hudhani wanasemwa wahuni. Sivyo. Ni kitendo chochote kinachoongeza uwezekano wa mtu kuugua, kuumia au kupata mimba asiyoitarajia. Mtoto mwenye heshima zake, hakosi madrasa wala shule, anaweza kujikuta humo jioni moja tu.

Ulevi una madhara yake, na ngono bila kinga ina yake. Zinatajwa pamoja kwa sababu moja huifungulia nyingine mlango.

Angalia maskani yoyote ya Kisauni au Likoni magharibi ikishaingia: mfuko wa muguka, majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa, katikati, karanga, chingamu ya kuua uchungu, soda inazunguka. Ndani ya majani yale mna kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini. Moyo huenda mbio, njaa na usingizi hupotea, na mtu hujiona jasiri kuliko alivyo. Usiku ukienda, stimu zinahitaji kushushwa ili alale, na hapo ndipo hutokea pombe ya mnazi, bangi au vidonge. Pombe nayo hulegeza sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwambia mtu "ngoja kwanza". Sehemu hiyo huendelea kukomaa mpaka kwenye miaka 25 hivi. Wa miaka 15 hata akiwa mzima bado haijamkamilikia, sembuse akiwa amelewa.

Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga muguka marufuku, na baada ya siku chache Mahakama Kuu ya Embu, kunakolimwa, ikasimamisha amri hiyo. Mji mzima ulibishana kuhusu majani na biashara. Kinachowapata watoto baada ya majani hakikuzungumzwa sana, na kwangu hicho ndicho kikubwa.

Wakishalewa, kondomu husahauliwa, au huvaliwa vibaya. Wengine hawakuchagua lolote: wamewekewa "mchele", yaani dawa ya kupumbaza, kwenye kinywaji, wakazinduka asubuhi hawakumbuki kitu. Aliyelewa hoi hawezi kuridhia, na aliye chini ya miaka 18 sheria ya Kenya haiitambui ridhaa yake hata akiwa macho. Kwa hivyo lile swali la nyumbani, "Ulifuata nini huko?", halisaidii. Humfunga mtoto mdomo, na saa zinakwenda.

Saa zenyewe ni 72. Aliyekutana na hatari ya virusi vya Ukimwi anaweza kupewa PEP, dawa za ARV zinazozuia virusi kujikita mwilini. Lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila zinapowahi ndivyo bora, kisha zinamezwa kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Anayekuja siku ya tano amechelewa, hata akilia vipi mbele ya daktari. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, nacho kinataka haraka hiyohiyo. Lakini P2 haizuii virusi wala kisonono, na hapa ndipo wasichana wengi hupotea: wananunua P2 duka la dawa, wanameza, wanajua yamekwisha. Klamidia hasa ni ya kuogopwa, maana mara nyingi haina dalili yoyote huku ikiharibu mirija ya uzazi taratibu.

Kwa anayejidunga unga, yaani heroini, sindano ya kushirikiana huleta virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya C bila ngono yoyote.

Aliyebakwa aende hospitali kabla ya kuoga, na nguo alizovaa zitiwe kwenye bahasha au mfuko wa khaki. Plastiki huhifadhi unyevu, na unyevu huharibu ushahidi. Hospitali ya Coast General ina kitengo cha waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Kwa simu, 116 ni ya watoto, 1195 ya dhuluma, 1192 ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi, kwa mambo ya dawa za kulevya, na zote ni za bure.

Kipimo cha virusi hufanywa siku ileile ya kwanza, hurudiwa dozi ya PEP ikiisha, halafu tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu maambukizi mapya huchukua muda kuonekana.