Jenereta ya Akiba Nyumbani: Maswali na Majibu kwa Ajili ya Afya ya Wanaoishi Humo

Jenereta ya akiba ni mashine inayofungwa nje ya nyumba na kuwaka, yenyewe au kwa kuwashwa, pale umeme wa gridi unapokatika. Wanaoinunua huuliza ina kilowati ngapi na inatumia mafuta kiasi gani kwa saa. Ni wachache wanaouliza moshi wake utaelekea wapi. Maswali haya yanaanzia kwenye moshi, kwa kuwa ndio unaoweza kuua familia nzima kwa usiku mmoja.

Kwa nini moshi wa jenereta huua hata pale ambapo mtu hasikii harufu yoyote?

Injini yoyote inayochoma petroli, dizeli au gesi hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala ladha. Isichanganywe na hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tunapopumua. Harufu tunayoisikia kwenye moshi hutokana na kemikali nyingine, kwa hiyo kukosekana kwa harufu chumbani si ushahidi kwamba chumba ni salama.

Kaboni monoksaidi ikivutwa hupita mapafuni, huingia katika damu na kushikamana na himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Mshikamano huo una nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ule wa oksijeni. Ndiyo maana hata kiasi kidogo kilichomo hewani huendelea kujilimbikiza mwilini kadiri mtu anavyokaa mahali hapo, mpaka damu, ingawa inazunguka kama kawaida, inakuwa haina tena nafasi ya kubeba oksijeni ya kutosha. Moyo na ubongo huumia kwanza. Aliyelala anaweza kupoteza fahamu bila kuamka hata kidogo, na hilo ndilo linalonifanya nisisitize suala hili kuliko yote yatakayofuata.

Dalili zake ni zipi, na nitazitofautishaje na ugonjwa mwingine?

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, uchovu, kichefuchefu na kutapika. Sumu ikizidi, mtu huchanganyikiwa, hukosa nguvu miguuni, huumwa kifua, kisha huzimia. Mwanzo huo hufanana na mafua au na tumbo lililoharibiwa na chakula, na wengi hupoteza muda muhimu wakidhani hivyo. Yapo mambo matatu yanayopaswa kumshtua mwenye nyumba: watu kadhaa kuugua kwa wakati mmoja bila homa, wanyama wa kufugwa walio ndani kulegea, na mgonjwa kupata nafuu anapotoka nje kisha kuzidiwa anaporudi. Mtoto mdogo, mzee, mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu na mwenye upungufu wa damu huathirika mapema zaidi. Mjamzito anastahili tahadhari ya pekee, kwa kuwa himoglobini ya kijusi huishika sumu hii kwa nguvu kuliko ya mama, hivyo mtoto aliye tumboni anaweza kuwa hatarini hata kama mama anajiona yu salama.

Nikiishuku sumu hiyo nifanye nini?

Toeni watu wote nje kwenye hewa safi mara moja, kisha piga simu ya dharura. Usirudi ndani kuchukua vitu, wala kwenda kuizima jenereta iliyo mahali palipojaa moshi, kwa maana mwokoaji huanguka palepale alipoanguka anayeokolewa. Ikiwa mtu hapumui na unajua kumhudumia, anza huduma ya kwanza ukiwa nje.

Hata aliyepata nafuu aende hospitali. Akipumua hewa ya kawaida, nusu ya sumu iliyo katika damu huchukua takriban saa nne hadi sita kuondoka, ilhali akipewa oksijeni halisi kwa barakoa muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Mwelezeni mhudumu wa afya waziwazi kwamba jenereta ilikuwa inafanya kazi, kwa sababu kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi, na kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu anayekaribia kufa. Kinachohitajika ni kipimo maalumu cha damu. Vilevile, usumbufu wa kumbukumbu, wa hisia au wa mwendo unaweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye, hivyo mgonjwa aendelee kufuatiliwa.

Jenereta ifungwe wapi?

Nje kabisa, tena penye uwazi. Gereji, roshani, chumba cha chini ya ardhi, stoo na veranda iliyozungushiwa ukuta haviwi salama kwa kufunguliwa madirisha wala kwa kuwekewa feni. Upepo ukibadilika kidogo tu, moshi hurudi. Kwa jenereta ya kufungwa daima, sharti la kawaida ni kuiweka angalau mita 1.5 kutoka kwenye mlango, dirisha au tundu lolote la kupitisha hewa, na mtengenezaji akitaja umbali mkubwa zaidi, huo ndio wa kufuatwa. Ile ndogo ya kubebwa hupewa umbali wa angalau mita 6, bomba lake la moshi likielekea mbali na watu. Binafsi naona umbali wa chini kabisa ni wa kutumiwa pale tu nafasi inapokosekana. Mwenye uwanja mpana hana sababu ya kuibana mashine ukutani kwa ajili ya kuokoa waya mita chache.

Usitazame dirisha lako pekee. Chumba cha jirani kinaweza kuwa karibu na bomba hilo kuliko chumba chako, na yeye wala hajui kwamba umewasha. Tazama pia kona: ua mdogo uliozungukwa na kuta ndefu hushika moshi kama chungu kinavyoshika maji. Mashine ikae juu ya msingi wa zege uliosawazishwa, palipoinuka kuliko maji ya mafuriko yanapofika, na mbali na majani makavu au mbao.

Nyumba iwe na ving'ora vya kaboni monoksaidi, kimoja kila ghorofa na kingine karibu na vyumba vya kulala, vyenye betri ili vifanye kazi umeme unapokatika. Uzito wa hewa hii unakaribia sana ule wa hewa ya kawaida, kwa hiyo haitui sakafuni wala haijikusanyi darini. Fuata maelekezo ya kifaa kuhusu urefu wa kukifunga. King'ora cha moshi wa moto hakitambui kaboni monoksaidi. Angalia pia tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma ya king'ora cha kaboni monoksaidi, kwani kihisio huchakaa hata kama taa ya kijani bado inawaka.

Je, naweza kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani ili umeme uenee nyumba nzima?

Hapana, hata kwa dakika moja. Waya wenye plagi ncha zote mbili huacha meno ya shaba yenye umeme wazi mkononi mwa anayeuchomoa. Ubaya wake hauishii hapo. Umeme huo hupita kwenye ubao wa fyuzi, hutoka nje kupitia mita na kufika kwenye transfoma ya mtaani, ambayo hufanya kazi kinyumenyume: badala ya kushusha volti huzipandisha hadi maelfu. Fundi aliyepanda nguzo akiamini kwamba laini imezimwa hupigwa na umeme uliotoka nyumbani kwako. Na gridi ikirudi ghafla wakati mashine yako inaendelea kusukuma, jenereta inaweza kuungua na kuwasha moto.

Kinga yake ni swichi ya kubadili chanzo, ambayo mafundi huiita chenjiova. Imetengenezwa ili nyumba iunganishwe ama na gridi ama na jenereta, isiweze kamwe kuunganishwa na vyote viwili. Ipo ya kusukumwa kwa mkono na ipo inayojibadili yenyewe. Kazi hii, pamoja na ile ya kufunga waya wa kutuliza umeme ardhini, ni ya fundi umeme mwenye leseni na hukaguliwa na mamlaka husika. Mwambie aandike kwenye ubao kwamba nyumba ina chanzo cha pili cha umeme, ili zimamoto au fundi mwingine asidanganyike kwa kuizima swichi kuu peke yake.

Ukubwa wa jenereta unahusianaje na usalama?

Jumlisha wati za vifaa vitakavyotumika kwa pamoja, ukikumbuka kwamba vyenye mota, kama friji, pampu na kiyoyozi, huhitaji nguvu mara mbili, mara tatu au zaidi wakati wa kuanza. Mashine iliyolemewa hupata joto kupita kiasi, na volti zinazoshuka huunguza mota. Lakini jenereta kubwa mno nayo si suluhisho: ya dizeli inayofanya kazi kwa muda mrefu chini ya takriban asilimia 30 ya uwezo wake huchoma mafuta vibaya, hutoa moshi mwingi na kujaza masizi kwenye bomba. Moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012 na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Mafuta yahifadhiwe na kujazwa vipi?

Zima mashine na uiache ipoe, angalau dakika 15 na zaidi inapobidi, kabla ya kufungua tangi la petroli. Petroli inayodondoka kwenye bomba la moto huwaka papo hapo, na mvuke wake, ambao ni mzito kuliko hewa, hutambaa ardhini ukaweza kukutana na jiko au sigara iliyo mbali. Usijaze mpaka mdomoni. Hifadhi mafuta nje ya nyumba ya kulala, ndani ya madumu yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo na mahali ambapo mtoto hafiki. Chupa ya maji ya kunywa isitumike kamwe, kwani mtoto huiamini chupa anayoijua.

Kuvuta mafuta kwa mdomo kupitia mpira ni desturi ya hatari. Tone linaloingia mapafuni huweza kuleta nimonia kali. Aliyemeza asitapishwe, asipewe maziwa wala mafuta ya kupikia kwa lengo la kutapika, bali apelekwe hospitali.

Kwa jenereta ya gesi, maungio yapimwe kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Ukinusa gesi, usiguse swichi yoyote. Toka, kisha ita fundi ukiwa mbali.

Matengenezo yanahitaji tahadhari gani?

Kubwa ni hii: jenereta inayojiwasha haitoi taarifa. Umeme ukikatika wakati mkono wako uko kwenye mkanda au feni, itawaka palepale. Kwa hiyo weka kwanza kitufe chake kwenye nafasi ya kuzimwa, zima chaja ya betri, kisha fungua waya hasi wa betri kabla ya ule chanya. Betri hutoa hidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche, na maji yake ni asidi; ikiruka jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 20 ukielekea kupata matibabu.

Kipimo cha oili kiangaliwe kabla ya kuwasha na mara kwa mara mashine inapofanya kazi siku mfululizo. Oili na filta zake hubadilishwa kwa saa zilizoandikwa katika kijitabu cha mashine, na hata kama saa hizo hazijatimia, angalau mara moja kwa mwaka. Vaa glavu, kwa kuwa oili iliyotumika ina kemikali zinazodhuru ngozi na baadhi huhusishwa na saratani, wala usiimwage kwenye mtaro. Kagua bomba la moshi lote: tundu dogo lililotobolewa na kutu, au kiota cha ndege ndani ya tundu la hewa, hubadili njia ya moshi ambayo ulikwisha kuihesabia usalama. Ukiungua kwa silensa, mwagia jeraha maji baridi ya kawaida kwa dakika 20, bila barafu, siagi wala dawa ya meno.

Na kelele?

Kelele inayofikia desibeli 85 kwa saa nane kwa siku huweza kudhuru usikivu, hivyo anayefanya kazi kando ya mashine avae kinga ya masikio.

Nyumbani kuna mgonjwa anayetegemea mashine ya oksijeni. Je, jenereta inamtosha?

Haimtoshi ikiwa peke yake. Hata inayojiwasha huchukua sekunde kadhaa, mara nyingi kati ya 10 na 30, kabla ya kupokea mzigo, na siku moja inaweza kukataa kuwaka kabisa. Mgonjwa awe na mtungi wa oksijeni wa akiba na, kwa mashine ya kumsaidia kupumua, betri yake maalumu. Mtungi huo uwekwe mbali na mafuta, oili na moto, kwa kuwa oksijeni hukoleza moto vikali. Insulini ambayo haijaanza kutumika hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selisiasi, kwa hiyo friji yake iwe miongoni mwa vifaa vya kwanza kuunganishwa na jenereta. Namba ya simu ya hospitali ibandikwe kando ya kitanda, si kwenye simu ambayo chaji yake inaweza kuwa imekwisha, na anayemlaza mgonjwa usiku awe amewahi kufanya zoezi la kumhamishia kwenye mtungi umeme ukiwa umezimwa.