Kwa nini bastola iliyochomolewa magazini bado inaweza kuua?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ukichomoa magazini, yaani kile kikasha kinachobeba risasi, kwenye bastola, umeshatoa risasi zote. Imani hiyo ilinitoka siku moja nikiwa sebuleni kwa mjomba wangu, ambaye anamiliki bastola kwa kibali. Watoto walikuwa wanaingia na kutoka. Mjomba akaitoa bastola kiunoni, akachomoa magazini na kuitia mfukoni, kisha akaiweka bastola juu ya kabati. "Sasa haina kitu," akasema.

Shemeji yake, askari mstaafu, hakubishana naye. Alisubiri watoto watoke, akaichukua, akaielekeza mahali pasipo na mtu na kuvuta nyuma sehemu yake ya juu. Risasi moja ikaruka, ikadunda sakafuni na kubingirika hadi chini ya kochi. Mjomba alipiga magoti kuitafuta, na kwa muda mrefu hakuinua uso.

Mjomba si mtu mzembe. Alikosea kitu kilekile nilichokuwa nakosea mimi: risasi inayofyatuka haitoki moja kwa moja kwenye magazini. Inatoka chemba, yaani kile chumba kidogo kilicho nyuma ya mtutu, chenye nafasi ya risasi moja tu.

Fikiria zahanati yenye daktari mmoja. Wagonjwa wamekaa kwenye benchi nje ya mlango, na ndani anaingia mmoja mmoja. Magazini ndiyo benchi. Chini yake kuna springi inayowasogeza wote kuelekea mlangoni, ili wa kwanza awe tayari muda wote. Unapokoki bastola, sehemu ya juu inarudi nyuma, kisha inarejea mbele kwa nguvu, na inaporejea inaisukuma risasi ya kwanza kutoka kwenye benchi hadi ndani ya chumba. Ukifyatua, ganda tupu linatupwa nje na mgonjwa anayefuata anaingia bila kuitwa. Ndiyo maana tangu bastola ikokiwe huwa kuna risasi sehemu mbili: zinazosubiri, na ile moja iliyokwisha kuingia.

Sasa chukua benchi uondoke nalo. Aliye ndani ya chumba bado yuko ndani. Pini ya bastola hugonga kitako cha risasi iliyo chemba tu, na kwa bastola nyingi haijali kama benchi lipo au halipo.

Nasema nyingi kwa sababu si zote. Zipo zilizotengenezwa zisifyatuke magazini ikiwa nje. Browning Hi-Power, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1935, ni mfano unaojulikana. Jimbo la California nchini Marekani lilianza kuidai kinga hiyo, pamoja na alama ya kuonyesha kama chemba ina risasi, kwa aina mpya za bastola zinazojipakia zenyewe kuanzia mwaka 2007. Lakini bastola nyingi sana zilizoko mikononi mwa watu hazina kinga hiyo, na kwa kuzitazama tu huwezi kujua ipi inayo. Aliyezoea yenye kinga akishika isiyo nayo, anakuja na mazoea yaleyale.

Kosa la pili linazaliwa na hili la kwanza, nalo lilinishangaza zaidi. Kuna mtu anayejua vizuri habari ya chemba, lakini anafuata mpangilio wa kinyume: anakoki kwanza ili kuitoa risasi iliyo ndani, anaiona ikiruka, anaridhika, ndipo anachomoa magazini. Rudi zahanati. Amemtoa mgonjwa chumbani huku benchi likiwa bado mlangoni, kwa hiyo papo hapo mwingine ameingia. Ameiona risasi ikitoka kwa macho yake mwenyewe, na bastola bado imejaa chemba. Mpangilio sahihi ni kuondoa benchi kwanza, ndipo ufungue mlango, mtutu ukielekea mahali salama na kidole kikiwa mbali na triga, yaani kifyatulio. Waliofundishwa vizuri hawaishii hapo. Huiacha sehemu ya juu ikiwa wazi, huchungulia ndani, kisha huingiza kidole kupapasa, maana gizani macho hudanganya.

Rivolva ina mtego wake. Haina magazini, ina silinda inayozunguka, yenye matundu ya kuwekea risasi. Mtu anaweza kuona tundu lililo mbele ya nyundo likiwa tupu, akadhani yuko salama. Lakini kwenye rivolva za kawaida, ukivuta triga silinda huzunguka kwanza na kuleta tundu linalofuata, ndipo nyundo ipige.

Kosa la magazini limetokea mara nyingi vya kutosha hata likapewa nafasi yake kwenye kumbukumbu. Mfumo wa Marekani unaokusanya taarifa za vifo vya kikatili hurekodi pia vifo vya risasi za bahati mbaya, na miongoni mwa mazingira yanayowekewa alama limo hili: mfyatuaji alidhani bastola haina risasi kwa sababu magazini ilikuwa imetolewa. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ya mwaka 1991 ilikadiria kuwa 23% ya vifo vya bahati mbaya vya bunduki vingeweza kuzuiwa na alama inayoonyesha kuwa silaha imepakiwa. Ni makadirio, tena ya zamani, lakini yanaonyesha ni mara ngapi maneno "haina kitu" hutangulia msiba.

Je, mtoto ana nguvu za kuvuta triga? Wengi hujibu kwamba hana, hasa mdogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 ulipima nguvu za vidole: 25% ya watoto wa miaka 3 na 4 waliweza kuvuta uzito wa kilo 4.5 kwa vidole viwili. Kwa wa miaka 5 na 6 walikuwa 70%, na kwa wa miaka 7 na 8 walifika 90%. Triga za bastola nyingi zinahitaji nguvu ndogo kuliko hiyo.

Wazazi husema pia, "Wangu nimemfundisha, hawezi kugusa." Mwaka 2001 watafiti wa Atlanta walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mimi siwezi kulisoma bila kusimama. Waliwaweka wavulana wa miaka 8 hadi 12, vikundi 29, katika chumba chenye bastola halisi isiyoweza kufyatua, imefichwa kwenye droo. Vikundi 21 viliikuta. Katika vikundi 16 waliishika, na katika 10 kuna aliyevuta triga kwa nguvu ya kutosha kufyatua. Zaidi ya 90% ya walioishika au kuvuta triga walisema wamewahi kufundishwa usalama wa silaha. Karibu nusu ya walioiona walidhani ni ya kuchezea, au hawakuwa na uhakika. Lilikuwa jaribio dogo, la wavulana peke yao, kwa hiyo nisingechukua asilimia zake kama sheria kwa watoto wote.

Takwimu za vifo vyenyewe zinakwenda mwelekeo uleule. Kati ya mwaka 2003 na 2021, ule mfumo wa Marekani ulirekodi vifo 1,262 vya watoto chini ya miaka 18 kwa risasi za bahati mbaya. Pale ambapo taarifa za uhifadhi zilipatikana, silaha ilikuwa imepakiwa katika 74% na haikufungwa katika 76%. Mahali ilipochukuliwa mara nyingi zaidi ni kabati la pembeni ya kitanda na sehemu nyingine za kulala.

Utafiti wa mwaka 2005 ulitaja mambo manne ya uhifadhi: silaha ifungwe, isiwe na risasi, risasi zifungwe, na zikae mbali na silaha. Kila moja peke yake lilihusiana na hatari ndogo zaidi kwa vijana na watoto. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha uhusiano tu, na ulijumuisha pia watoto waliojidhuru wenyewe. Hata hivyo, sefu yenye kufuli humzuia mtoto bila kutegemea kumbukumbu ya mtu mzima kuhusu kilichobaki chemba.

Mjomba sasa ana sefu, na ndani yake bastola imefungwa kwa kufuli la kebo. Kebo inaingilia kwenye tundu la kutolea maganda, inapita ndani na kutokea chini, mahali pa magazini. Ili ipite, sehemu ya juu lazima ibaki imevutwa nyuma na chemba iwe wazi. Aliponionyesha aliiinua kidogo dirishani, nikaona mwanga ukipita mahali ambapo siku ile palikuwa na risasi.