Gia ya pili inayoruka haiponi kwa oili wala kwa klachi

Mtu akitaka kununua pikipiki ya spoti ya bei nafuu iliyotumika, maelezo huwa yaleyale: "Injini ni nzima kabisa, gia ya pili tu ndiyo inaruka." Kisha ananiuliza kama nikimbadilishia klachi, au nikimwekea oili nzito kidogo, itatulia. Nimeulizwa tena juzi, na safari hii muulizaji alikuwa ameshalipa. Basi naandika jibu mara moja.

Haitatulia.

Tuanze kwa kutenganisha klachi na gia, maana wauzaji huzichanganya na wanunuzi wanakubali. Klachi ikiteleza, mlio wa injini unapanda bila kishindo huku mwendo ukibaki palepale, na hujitokeza zaidi kwenye gia za juu unapovuta mafuta kwa nguvu. Gia ikiruka unasikia kishindo. Injini inalia ghafla kwa sababu imeachiwa mzigo, halafu ama gia inajishika tena kwa mtikiso unaoufikia unyayo, ama unabaki hewani kama uko nyutro. Aliyewahi kuendesha pikipiki yenye hitilafu hizi mbili hawezi kuzifananisha.

Sasa twende ndani. Meno ya gia zote za pikipiki yameshikana muda wote, hata ukiwa nyutro. Unapokanyaga pedeli hakuna jino linaloingia katika jino. Uma, kipande cha chuma chenye matawi mawili kilicho ndani ya gia boksi (si uma wa tairi la mbele), unaisukuma gia moja iteleze juu ya shafti yake, na kucha za chuma zilizo ubavuni mwake zinaingia kwenye matundu ya gia ya jirani, ambayo hadi hapo ilikuwa inazunguka bure. Zikishashikana, ile ya bure inafungwa na shafti, nguvu inapita. Kwa hiyo fundi anayefungua, akayatazama meno na kusema "meno mazima, gia haina kosa", ametazama pasipohusika. Tatizo la gia kuruka liko kwenye kucha.

Na kucha hizo hazikukatwa wima. Kiwandani huchongwa kwa mlalo wa nyuzi chache, ncha ya kucha ikiwa pana kidogo kuliko shina lake. Mlalo huo mdogo, ambao jicho la mtu asiyeujua haliuoni, ndio unaofanya kazi yote. Ukivuta mafuta, nguvu ya injini yenyewe inazivuta gia mbili zisogeleane, na kadiri unavyovuta ndivyo zinavyozidi kushikana. Pembe za kucha zikiliwa zikawa mviringo, nguvu ileile inaanza kuzisukuma zitengane. Hapo kinachobaki kuzizuia ni uma, na uma haukuundwa kwa mzigo huo. Kazi yake ni kuisogeza gia, kisha kukaa bila kubanwa. Ukilazimishwa kushikilia, unasuguana na mfereji wa gia hadi unabadilika rangi kwa joto, unalika, unapinda. Uma ukishapinda, hata ukiweka kucha mpya hazitaingia hadi mwisho, na zitaanza kuliwa siku hiyohiyo.

Ndiyo maana sikubali mtu anaposema "inaruka mara mojamoja, nitaitumia hivyohivyo kwanza". Kila kishindo ni kipande cha pembe kinachoondoka, na kesho itaruka kwa mafuta kidogo kuliko leo. Wapo pia wanaoshauri kuikwepa, utoke ya kwanza uende ya tatu. Huwezi kuikwepa kikweli. Ngoma ya gia, yaani mche wa mviringo wenye mifereji unaouongoza uma, huzunguka kwa mpangilio, kwa hiyo uma utapita kwenye ya pili tu, hata kama ni kwa muda mfupi na klachi imebanwa. Unapunguza madhara, basi. Na kipande kikikatika kikaingia kati ya meno, gia boksi inaweza kukwama na tairi la nyuma likafunga ukiwa kasini. Hilo sitanii nalo.

Kwa nini iwe ya pili? Kutoka ya kwanza kwenda ya pili mguu una safari ndefu, kwa kuwa nyutro iko katikati. Tena pengo la mizunguko kati ya hizo mbili kwa kawaida ndilo kubwa kuliko la gia nyingine zinazofuatana. Mtu akivuta ya kwanza hadi mwisho kwenye injini inayofika mizunguko 13,000 kwa dakika na zaidi, kisha akainyanyua pedeli nusunusu, kucha zinagongana kwa pembe badala ya kuingia. Wapenda kuinua tairi la mbele huharakisha zaidi.

Upande wa gharama ndipo watu hukosea hesabu. Gia inayoruka ni ya pili, lakini katika injini nyingi za spoti za silinda nne, inayoteleza kwenda kuishika ni gia ya sita. Kwa hiyo unanunua ya pili, unanunua ya sita, unanunua uma, pamoja na klipsi mpya. Nimebishana sana na watu wanaoniambia "lakini ya sita inakwenda vizuri". Ndiyo, inakwenda vizuri kwa sababu meno yake ni mazima. Kucha zake, zile zinazoingia kwenye ya pili, zimekwisha. Ukiweka gia moja mpya dhidi ya ya zamani, ile ya zamani itaiharibu mpya.

Vipuri hivyo si mzigo mkubwa. Mzigo ni kuvifikia. Kifuniko cha ubavuni kinakupa klachi na mitambo ya nje ya kubadilishia gia, hakikupi gia zenyewe, isipokuwa kwenye injini chache zilizotengenezwa na gia boksi ya kaseti inayochomolewa kwa pembeni. Kwa nyingi za silinda nne, injini inashushwa, inapinduliwa, nusu ya chini ya bloku inatolewa, ndipo shafti zinaonekana. Habari njema ni kwamba silinda hedi na pistoni havihitaji kuguswa, na fundi anayekuambia lazima afungue hedi ili afike kwenye gia mwulize sababu. Lakini bolti za bloku zina mpangilio wake na kipimo chake cha kukaza, nyingine hukazwa kwa nyuzi na kubadilishwa kila zikifunguliwa, na ndizo zinazobana beringi za krenki, shafti kuu ya injini. Hiyo si kazi ya kukadiria kwa mkono.

Kuhusu kuchonga kucha upya badala ya kununua mpya: inafanyika, kwa mashine, pande zote mbili, na kucha zote zikibeba mzigo sawa. Bado nina wasiwasi nayo kwa pikipiki ya kila siku. Chuma cha gia kimefanywa kigumu kwenye tabaka la juu, nawe unalipunguza tabaka hilohilo.

Sasa kabla hujanunua. Kuizungusha gurudumu juu ya stendi hakukuonyeshi kitu, kwa sababu hakuna mzigo. Iendeshe ikiwa imeshapata moto. Ingiza ya pili, teremsha mizunguko, vuta mafuta yote, funga ghafla, vuta tena. Rudia kwenye kila gia. Ikiruka gia moja tu wakati wa mzigo, tegemea kucha na uma. Gia zote zikiwa ngumu, au pedeli hairudi, huenda ni springi au mkono wa nje, na hapo ndipo bei nafuu huwa bahati kweli. Nikiri kwamba mpaka huo si safi: springi inayoishikilia ngoma ikilegea inaweza kuiga dalili za kucha zilizoliwa. Nikiwa sijafungua nakupa dhana, sikupi uhakika, na ninaanza na vya nje kwa sababu hiyo.

Tazama pia nati ya kumwagia oili. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole si kawaida, na vina maana pana, kwa sababu kwenye pikipiki hizi oili ya gia ndiyo oili ya krenki. Hapo beringi nazo zikaguliwe. Oili nzito haichongi upya pembe iliyoliwa. Oili ya gari yenye viongezo vya kupunguza msuguano inaweza kukuongezea klachi inayoteleza, kwa hiyo weka yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki ambazo klachi yake hulowa oili, na uachane na ushauri wa oili.

Gia boksi ya mtumba kutoka pikipiki iliyogongwa ni njia nzuri, ukilinganisha namba za vipuri, maana toleo moja kwa miaka tofauti huweza kuwa na gia tofauti. Ila itazame ikiwa nje, ushike kucha za ya pili na ya sita kwa mkono wako, upitishe kidole kwenye pembe. Kama bado imefungwa ndani ya injini na muuzaji hataki ifunguliwe, bei yake ihesabu kama ya gia boksi ambayo nayo inaruka.