Nadharia au majaribio? Soma kabla hujajaza fomu ya uzamili

"Shikamoo dada. Mimi nimeamua nadharia, maana maabara zetu si unazijua mwenyewe."

Kauli hii naisikia kila msimu wa maombi ya uzamili wa fizikia hapa Arusha. Mdogo wangu, hapo hujachagua nadharia. Umekimbia ukata tu.

Mimi ni mtu wa majaribio: napima mionzi kwenye udongo na mbolea, ikiwemo fosfeti ya Minjingu, ambayo ina urani ndani yake. Watu hudhani nashinda na mashine. Wapi! Unakausha sampuli, unasaga, unachekecha, unajaza kopo, unaliziba kabisa, kisha unaliacha kabatini karibu mwezi mzima. Urani ikioza, yaani ikijigeuza polepole kuwa elementi nyingine, mwishowe huzaa radiamu, nayo radiamu huzaa radoni. Radoni ni gesi, kopo likivuja inatoroka na hesabu zote zinaharibika. Nusu ya radoni huoza kila baada ya siku 3.8, kwa hiyo wiki nne zinatosha kufanya mionzi yake ilingane na ya radiamu inayoizaa. Nikiwa mwanafunzi, siku ya 26 nilikuta vifuniko vitatu vimelegea. Nikaanza upya. Na hapo sijagusia umeme.

Niliyepanga naye chumba alikuwa wa nadharia. Yeye alikuwa na rimu ya karatasi na kompyuta mpakato, basi. Alihangaika miezi miwili na jibu lililogoma kukubali, kumbe ukurasa wa nne aliandika jumlisha badala ya kutoa. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. Kopo langu lilikuwa na tarehe ya kufunguliwa. Kosa lake halikuwa na tarehe.

Ukitaka kuchagua, angalia ni kusubiri kupi kati ya huku kuwili hakutakutoa roho. Abdus Salam, Mpakistani aliyepata Nobeli mwaka 1979, alijaribu maabara kule Cambridge akaona subira ya kazi ile hana, akahamia nadharia. Yeye alijipima tabia, hakuhesabu vifaa.

Na vifaa vyenyewe tunavikuza mno. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari hapa hapa kwetu, alitia kwenye friza mchanganyiko wa aiskrimu ungali moto, akaona umeganda kabla ya uliopoa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wakachapisha makala. Wa nadharia wanabishana mpaka leo.

Jaribu hili jikoni. Chemsha maji hapa Arusha, tumbukiza kipimajoto. Kitasoma karibu 95, siyo 100, kwa kuwa tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa ya huku inakandamiza kidogo kuliko ya pwani. Kuna atakayeshika kalamu papo hapo atafute mlinganyo. Na kuna atakayefunga kipimajoto kwenye kanga, apande Kosta ya Moshi, akachemshe tena huko chini.

Mimi nilipanda Kosta. Kilisoma 97.